Kiti cha Klementina

Sura ya Saba

Sajenti Masunga alirudi kutoka kijiji cha Pito na majivu kwenye viatu, na hakuna alichokuwa anahisi. Nyumba ya Bi Cornelia ilikuwa imebaki kuta zilizoungua na chungu kimoja kilichopasuka. Bibi mwenyewe alikuwa ameshazikwa. Majirani walimjibu maswali huku wakiendelea kupalilia ulezi wao. Hakuna aliyelia, hakuna aliyekasirika, na yeye naye aliandika waliyosema kama mtu anayeandika bei ya mahindi. Kazi ya kuokota maiti za watu ilikuwa imemtia ganzi zamani sana. Alijua hivyo, na alikuwa ameacha kujali.

Mkuu wa kituo alikuwa anamsubiri mlangoni, mikono mifukoni kwa baridi.

"Masunga, faili la yule binti nalitaka. Mchana anakwenda mahakamani."

"Bado sijamaliza, afande."

"Hujamaliza nini? Vijana walioichoma nyumba wamekiri. Wote wanasema neno moja: imeandikwa kwenye intaneti kwamba Bi Cornelia ndiye anayetuma radi. Mmoja wao aliuchapisha ule ukurasa, akaubandika kwenye mashine ya kusaga, kijiji kizima kikausoma. Sasa ukurasa umeandikwa na nani? Na Klementina. Jina lake lipo."

"Jina lipo. Kama ni yeye, sijui."

Mkuu wa kituo akatoa karatasi, akaisoma kwa sauti ya misa. "'Masharti ya matumizi. Kila mtumiaji atawajibika kwa lolote litakaloandikwa kupitia akaunti yake.' Haya, si amebonyeza 'Nakubali' mwenyewe? Hakuna aliyemshikia panga. Mtu amekufa, Masunga. Unataka nini tena?"

"Mpaka mchana, afande. Nakuomba."

"Mchana. Ukichelewa, natuma faili lilivyo."

Masunga akaenda mahabusu kwanza. Klementina alikuwa amekaa sakafuni, miguu ameikunja ndani ya kitenge. Alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, katibu wa kikundi kilichoanzisha tovuti ya Kumbukumbu za Ufipa, na tangu akamatwe alikuwa amesema maneno machache kuliko maiti.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Klementina, nakuuliza kwa mara ya mwisho. Wewe ndiye uliyeandika jina la yule bibi?"

"Akaunti ni yangu."

"Sikuulizi akaunti. Nakuuliza vidole."

Akatazama ukuta. "Nilikubali masharti, afande. Yameandikwa, nawajibika."

"Ukifungwa utatoka na mvi. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

Basi. Machozi hakuyatoa. Masunga aliwahi kuhoji wezi wa ng'ombe, waliokuwa wanaapa mpaka mate yanawakauka. Wale aliwaelewa. Huyu anayejikabidhi mwenyewe kama mfuko wa mbolea hakumwelewa kabisa.

Intaneti kafe ya Beda ilikuwa katikati ya mji, ndani ya jengo lililokuwa duka la ushirika enzi za foleni ya sukari. Ushirika ulipokufa na kila mtu kuambiwa ajitegemee, jengo lilikatwakatwa vyumba: kimoja mitumba, kimoja vocha za simu, na kile kikubwa Beda akapanga kompyuta zake. Kikundi cha Klementina kilikuwa kimepewa meza mbili pale, kwa sababu Beda mwenyewe alikuwa mwanakikundi.

"Shikamoo, afande," Beda alisema, akizima muziki haraka haraka. "Mambo ya Klementina yametuvunja nguvu, yaani hapa hata kula hatuli."

"Marahaba. Nieleze hii tovuti yenu. Nieleze kama mtu asiyejua kitu, maana ndiye mimi."

Beda akavuta kiti. "Hii inaitwa 'wiki', afande, si wiki ya siku saba. Yaani tovuti ambayo wasomaji wenyewe ndio waandishi. Ni kama ubao wa kijiji, chaki ameachiwa kila mtu. Ukiona kosa unabonyeza 'Hariri', unarekebisha, unabonyeza 'Hifadhi', kwisha."

"Kila mtu? Hata mwizi?"

"Hata mwizi. Ila kuna ngazi. Wa kwanza ni mgeni. Huyo anasoma, na kurasa zilizo wazi anaweza kuandika, ila hatumjui jina. Wa pili ni mwanachama, amejiandikisha, kila anachoandika kinabeba jina lake. Wa tatu mhariri. Huyo anaweza kufuta alichoandika mwenzake na kurudisha cha zamani. Juu kabisa kuna msimamizi. Msimamizi anafunga ukurasa, anamzuia mtu mkorofi, na ndiye anayegawa ruhusa kwa wengine."

"Wasimamizi ni nani?"

"Mimi na Klementina. Basi."

"Na huu ukurasa wa radi?"

Beda akaufungua. Ulikuwa na maelezo ya kawaida tu: wazee walivyosimulia habari za radi, miti wasiyojikinga chini yake, watu walivyokatazwa kusimama mlangoni mvua ikinyesha. Pembeni kulikuwa na kitufe cha 'Historia ya ukurasa'. Beda akakibonyeza, na mabadiliko yote yakajipanga, ya karibuni juu.

"Soma kuanzia chini, afande. Hapa mgeni asiye na jina ameweka jina la Bi Cornelia. Klementina akalifuta. Mgeni akalirudisha. Klementina akalifuta tena. Wakaenda hivyo hivyo, danadana, mpaka Klementina akachoka. Alhamisi asubuhi akaufunga ukurasa na kuacha maneno haya."

Masunga akasogeza miwani. Palikuwa pameandikwa: Kikundi hiki hakimtaji mtu kwa ubaya. Ukurasa umefungwa.

"Ukifungwa, nani anaweza kuandika?"

"Msimamizi peke yake."

"Na Alhamisi hiyo hiyo mchana jina likarudi."

"Likarudi, na shamba la bibi limetajwa, na mto ulio karibu. Kwa jina la Klementina. Kupitia kompyuta ya hapa hapa."

Masunga akausoma tena ule mstari. Mtu anapigana siku kadhaa kulinda jina la bibi wa watu, anafunga mlango kwa kufuli, halafu mchana anaingia mwenyewe na kulimwaga? Wendawazimu wa namna hiyo upo, lakini Klementina hakuwa na dalili zake.

"Beda. Kama si yeye, basi ni wewe."

"Mimi?" Beda akaruka kama aliyemwagiwa maji. "Afande, Mungu wangu! Alhamisi nilikuwa Namanyere, kwenye sendofu ya dada yangu, kumuaga kabla ya ndoa. Kuna video! Nimecheza mpaka suruali ikachanika, watu wote wananicheka mpaka leo."

"Niione."

Akaionyesha. Masunga aliitazama yote bila kutabasamu, hata pale suruali ilipochanika na shangazi mmoja akakimbia na khanga kumsitiri Beda. Kisha akatoka nje, akamuuliza wakala wa mabasi aliye jirani. Wakala akasema ndiyo, Beda aliondoka Jumatano na kurudi Ijumaa, na walimtania sana kuhusu suruali. Huko Namanyere, Beda alivyoapa, hata simu ilikuwa haishiki mpaka upande juu ya kichuguu, sembuse intaneti.

"Neno la siri la Klementina unalijua?" Masunga aliuliza aliporudi.

"Hapana, afande. Hata msimamizi halioni. Naweza kumpa jipya, lakini ningefanya hivyo ingeonekana hapa, kwenye kumbukumbu. Angalia. Hakuna."

Kweli hakukuwa na kitu. Ukurasa ulikuwa umefungwa, wenye funguo ni wawili, mmoja yuko Namanyere anachana suruali. Anabaki Klementina. Mkuu wa kituo angefurahi kusikia hivyo. Masunga alijiona anaelekea kukubali, na jambo la ajabu ni kwamba wala halikumuuma.

"Ngoja niusome mwenyewe taratibu," alisema. "Peke yangu."

Kwenye meza ya pili alikuwa amekaa Debora, mpiga chapa wa kikundi, binti mnene mwenye sweta la kijani, aliyekuwa amejiinamia muda wote huo akiandika habari za mavuno. Kusikia hivyo akasimama mara moja, akafuta kiti kwa ncha ya khanga yake, akapisha.

"Karibu, baba. Kaa hapa, hiyo nyingine inakwamakwama. Nikuletee chai?"

"Nitashukuru."

Debora akatoka kwenda kwa mama lishe. Masunga akakaa. Kiti kilikuwa bado kina joto. Akashika kile kipanya cha kompyuta kwa vidole viwili, akatafuta ukurasa wa radi, na macho yake yakaangukia kona ya juu ya kioo. Kulikuwa na maandishi madogo: Umeingia kama Debora.

Akayasoma tena.

Kisha akarudi kwenye ukurasa ule wa mavuno aliokuwa anauandika Debora. Akabonyeza 'Hariri'. Kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, akaandika: Masunga amefika hapa. Akabonyeza 'Hifadhi'. Halafu akaita.

"Beda! Hebu njoo uone. Nani kaandika maneno haya?"

Beda akainama, akafungua historia, akakunja uso. "Aa, Debora naye! Huu ni utani gani sasa? Kazi ya watu hii."

"Una hakika ni Debora?"

"Si jina lake hili hapa, afande?"

Debora alikuwa anaingia na kikombe. "Mimi? Nimeandika nini mimi? Nilikuwa nje!"

"Ulikuwa nje," Masunga alisema. "Niliyeandika ni mimi. Sasa niambie, mwanangu. Uliponipisha, kwa nini hukutoka kwenye akaunti yako?"

Debora akamwangalia kama aliyeulizwa kwa nini anavaa nguo. "Nikufungie halafu nikwambie kaa? Jamani, baba! Ni kama kumwandalia mtu mzima chakula na kukifunika asikiguse. Mzee akija unampisha kiti kilivyo, na kazi ilivyo. Unakwenda kumtafutia chai."

"Ndivyo mnavyofanya siku zote?"

"Siku zote. Hasa Alhamisi, ndiyo siku ya wazee. Wanakuja kusomewa waliyotusimulia, wengine wanataka kuona wenyewe. Mwalimu aliyetoka Dar kutufundisha alisema tutoke kwenye akaunti kila tunapoinuka. Tukamwitikia ndiyo, ndiyo. Lakini yeye hakuwa na wazee wa kuwapisha."

Beda alikuwa amekaa chini. Mdomo ulikuwa wazi. "Lakini wazee wetu hawajui kompyuta, afande. Wanaogopa hata kuigusa."

"Wote?"

Masunga akatoa mfukoni ile karatasi iliyobanduliwa kwenye mashine ya kusaga, imejaa vumbi la unga. Alikuwa ameisoma mara nyingi kwa maneno yake. Sasa aliiangalia ilivyokaa. Baada ya kila nukta palikuwa na nafasi pana, pana kupita kawaida, na sentensi ya kwanza ilikuwa imesogezwa ndani sawasawa. Hivyo ndivyo yeye mwenyewe alivyofundishwa chuo cha polisi kupiga maelezo ya mashahidi: ukimaliza nukta, gonga nafasi mara mbili. Vijana hawa hawakufundishwa hivyo. Akalinganisha na kurasa alizoandika Klementina. Nafasi moja, kila mahali.

"Alhamisi ile, nani walikalia kiti cha Klementina?"

"Walikuja wengi," Debora alisema taratibu. "Mzee Tadei, lakini yule macho yana mtoto wa jicho. Mzee Urbano alisinzia tu..."

"Kati yao nani aliwahi kupiga taipureta?"

Debora akakiweka kikombe mezani, kikamwagika kidogo. Hakukifuta.

"Mzee Evaristi," alisema. "Alikuwa karani mpiga chapa wa ushirika. Humu humu, kwenye jengo hili."

"Anakaa wapi?"

"Milanzi, nyuma ya kanisa." Akavuta pua. "Afande, yule ni baba yake Klementina."

Hapo ndipo Masunga alipomwelewa yule binti wa mahabusu. Aliinywa chai yote kwa mkupuo, ingawa ilikuwa inaunguza, akaondoka.

Mzee Evaristi alikuwa uani kwake, amevaa koti zito juu ya shati lililofungwa vifungo mpaka shingoni, anachambua mbegu za maharage kwenye ungo. Alikuwa mtu msafi, mwembamba, mwenye kucha zilizokatwa vizuri. Ukutani, ndani ya fremu, ilining'inia picha ya kijana aliyevaa sare ya shule.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kigoda."

Masunga akakaa. Akauliza habari za baridi, habari za mahindi, akajibiwa. Kisha akaonyesha picha.

"Huyu ni nani?"

"Vitus. Mwanangu wa kiume. Alipigwa na radi tukiwa tunapanda, kule Pito. Shamba letu limepakana na la yule bibi."

"Pole sana, mzee."

"Imeshapita." Akatupa haragwe bovu pembeni.

"Mzee, wewe ndiye yule mgeni asiye na jina, aliyekuwa anaandika kwenye ukurasa wa radi?"

Evaristi hakushtuka hata kidogo. "Kijana wa kafe nyingine alikuwa ananiandikia, mimi namtajia. Walikuwa wanafuta. Nikapeleka maombi kwa kikundi, nipewe uhariri. Nimesoma mpaka darasa la nane la mkoloni, nimepiga chapa nusu ya umri wangu. Wakaninyima. Na unajua nani aliyeniandikia jibu? Klementina. 'Maombi yako yamekataliwa kwa mujibu wa masharti.' Mimi niliyemlipia ada! Jioni akanipigia magoti, akaniambia baba nisamehe, ndiyo sheria. Sheria! Walikuja hapa wenyewe na kipaza sauti wakasema kila mwananchi aandike anachokijua. Mimi najua nani aliyemuua mwanangu."

"Alhamisi akakupisha kiti."

"Alinipisha. Ana adabu, nilimlea vizuri. Akaenda kuniletea chai."

"Ukaandika."

Mzee akaendelea kuchambua. Masunga aliona kwamba amegonga ukuta. Hakuna aliyemwona akiandika, historia inasema Klementina, na nafasi pana baada ya nukta hakimu angezicheka. Bila mdomo wa huyu mzee, mchana binti yuko kizimbani.

"Binti yako anapelekwa mahakamani leo," alisema. "Amekataa kukutaja."

"Nimesikia."

"Mbona hukuja kituoni?"

"Sikuitwa."

Alilisema kwa upole kabisa, kama anayezungumzia mkutano wa shule. Masunga akamtazama. Hapa huruma haikuwa na pa kushika. Lakini mzee aliposema 'Maombi yako yamekataliwa' sauti yake ilikuwa imepanda, na ni hapo tu ilipopanda. Kwa mtoto aliyekufa haikupanda, wala kwa aliye mahabusu.

"Sawa, mzee." Masunga akasimama, akajipangusa. "Basi tutaacha hivyo. Kwa kweli lile andiko ni zuri, limenyooka. Mkuu wangu amelisifu. Alisema huyu binti Klementina anajua kuandika. Mahakamani litasomwa lote, kwa jina lake."

Mkono wa Evaristi ukasimama juu ya ungo.

"Klementina?"

"Jina lake ndilo lililopo."

"Klementina hawezi kuandika vile! Angepindapinda, angeweka 'inasemekana', 'baadhi ya wazee'. Unafikiri yule ana ujasiri wa kuandika vile?"

"Mimi nafuata historia ya ukurasa, mzee."

"Historia ni ya uongo! Nimeandika mimi! Kila neno ni langu, nimelifikiria tangu tulipomzika Vitus!" Alikuwa amesimama, maharage yametapakaa chini. Kuku wakaanza kukimbilia. "Lete karatasi. Niandike, niweke na sahihi. Na huko kwenye kompyuta mbadilishe, muweke jina linalostahili."

Masunga akampa karatasi na kalamu. Mzee akaandika amesimama, kwa mwandiko mzuri wa karani, hakusita popote. Masunga alimshika mkono wa kulia akimpeleka kwenye gari, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alihisi kitu. Kilikuwa karaha. Akashusha kioo cha dirisha apate upepo.

Mkuu wa kituo alisoma yale maelezo mara mbili. Akaguna, akalirarua jalada la Klementina. "Kumbe ulikuwa sahihi. Mtoe."

Masunga akachukua funguo, akafungua mahabusu. Klementina alikuwa pale pale, miguu ndani ya kitenge.

"Inuka. Uko huru."

Hakuinuka. "Nani kasema?"

"Baba yako. Ameandika mwenyewe, ameweka sahihi."

Uso wa binti ulilegea, na kwa mara ya kwanza alionekana mtoto. "Amekuja? Amekuja kunitoa?"

Masunga angeweza kusema ndiyo. Lilikuwa neno dogo, na hakuna ambaye angemshtaki kwa hilo. Lakini kesi ingesomwa hadharani, na binti angekuwa amekaa pale anasikiliza.

"Alitaka jina lake," alisema.

Klementina akamtazama. "Aliniulizia?"

"Hakukuulizia."

Akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu anayekubali hesabu. Akavaa kandambili zake, akajifunga kitenge vizuri, akasaini alipoonyeshwa asaini. Alipofika nje, mbele ya kaunta, mzee Evaristi alikuwa amekaa kwenye benchi anasubiri kuvuliwa mkanda aingizwe mahabusu. Klementina akasimama mbele yake, akapiga goti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," Evaristi alijibu. "Wamesema watalibadilisha jina?"

Binti akainuka, akatoka getini bila kujibu, akaipita njia ya nyumbani, ya Milanzi, kama haioni, akaendelea kwenda mbele.